Ziwa Lilikuwepo Kabla ya Magoli

Vijana wanaopita kwangu hapa Mbinga, wakishasikia kwamba nilikuwa mtu wa jiolojia, huniamkia vizuri sana. Shikamoo Bibi. Wanakaa, wanakunywa chai, wanauliza habari za magoti yangu, kisha wanashusha sauti. "Bibi, dhahabu iko upande gani?"

Nawaambia sijui. Wanacheka kwa adabu, kwa sababu wanaamini najua ila nawafichia wajukuu zangu. Ukweli ni kwamba katika utumishi wangu wote sikutafuta dhahabu hata siku moja. Nilitafuta tope. Nililichimba, nikalipima, nikalitafuna, na serikali ikanilipa mshahara kwa kazi hiyo mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo wewe uliyekuja kwa ajili ya dhahabu, maliza chai yako uende salama. Aliyebaki nimsimulie habari za tope.

Mimi nimezaliwa Bahi, kule Dodoma, kwenye ziwa lisilo na maji. Mvua zikinyesha, mbuga yetu inageuka bwawa la matope na ndege. Zikikata, udongo mweusi unapasuka nyufa ambazo mbuzi anaweza kuvunjikia mguu, na kina mama wanaenda kukwangua chumvi juu yake. Nilikulia hapo, na hakuna aliyeniambia kwamba tunapika na kulala juu ya sakafu ya ziwa la kale. Nilikuja kuambiwa ukubwani, na mtu wa milimani.

Mtu huyo alikuwa Mzee Mbwambo, Mpare, mjiolojia mkuu wa kikosi nilichopangiwa nilipoanza kazi. Tulikuwa tunachimba visima kwenye mabonde makavu ya kati, na kazi yangu ilikuwa kusoma udongo unaotoka chini. Siku ya kwanza alinipa donge la kijivu.

"Huu ni udongo gani?"

"Mfinyanzi, mzee."

"Umejuaje?"

"Ni laini."

Akalivunja, akatia kipande mdomoni, akakisaga kwa meno ya mbele, kisha akanipa kipande kingine nifanye vilevile. "Ukisikia mchakacho," alisema, "ujue kuna vumbi la mchanga, na maji yaliyoleta vumbi hilo yalikuwa bado yanatembea. Usiposikia kitu, maji yalikuwa yametulia kabisa. Hapo ujue umesimama katikati ya ziwa."

Nilisaga, na sikusikia kitu. Tulikuwa mahali ambapo ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kiu.

Hilo la meno lishikeni. Vidole vinadanganyika kirahisi, hasa mikono ikishakuwa na sugu. Ila kuna sheria inayotangulia, na hiyo Mzee Mbwambo aliipata kwa njia yake mwenyewe. Alituambia kwamba alipokuwa kijana alichimba nyuma ya shule moja, akakuta tabaka jeusi, laini, lenye harufu nzito. Alifurahi mno. Akatangaza kwamba amepata kinamasi cha kale, akawaita wenzake waje waone. Mwalimu mkuu naye akaja, akatazama, akasema kwa upole kwamba hapo ndipo kilipokuwa choo cha wanafunzi kabla cha sasa hakijajengwa. Tangu hapo Mzee Mbwambo hakuchimba popote bila kuuliza kwanza choo cha zamani kilikuwa wapi.

Nilimuuliza kama alikuwa ameshaonja. Akanijibu kwamba chai yangu inapoa.

Jambo jingine alilonifunza hakukusudia kunifunza. Tulikuwa kwenye mbuga pana upande wa magharibi wa Bahi. Juu palikuwa pakavu kama saruji, na Mzee Mbwambo akaamuru lori la mtambo lipelekwe katikati kabisa. Dereva alisita, akaambiwa asilete woga. Mvua ikanyesha, si kwetu, bali huko mbali kwenye vilima ambavyo hatukuviona hata kwa macho. Maji yakaja taratibu, kimyakimya, yakienea chini ya nyasi. Tulipogundua, lori lilikuwa limezama hadi kwenye ekseli, na likabaki pale mpaka kiangazi kilichofuata. Wenyeji walianza kulitumia kuelekezana njia: ukifika kwenye lori la serikali, pinda kushoto. Mzee Mbwambo alilitazama, kisha akasema kwamba ziwa lililokauka halijafa, liko likizo tu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa hotuba, kana kwamba lori lilizamishwa ili tupate mfano mzuri.

Basi, mwanamke aliyesomea maziwa yasiyo na maji akahamishiwa Mbinga, afanye kazi mwambao wa Nyasa. Sijui nani alipanga. Nilipewa gari na dereva, Komba, Mmatengo wa Mpepai, mwenye shamba la kahawa na chuki ya wazi kwa joto la ziwani. Tulipokuwa tukishuka milima alikuwa akivua makoti moja baada ya jingine na kulaumu kila kona. Mimi nilikuwa natazama chini, kwenye maji ya buluu yasiyo na ng'ambo, na nilijisikia kama mtu aliyesomea mifupa maisha yake yote, halafu siku moja akakutanishwa na mwenye mifupa akiwa hai.

Tope la ziwa hili ni zuri, nawaambia bila aibu. Likitolewa kwenye kina kwa bomba la sampuli, linatoka limepangwa mstari mweupe, mstari mweusi, mweupe, mweusi. Mweupe ni wa msimu wa mwera, ule upepo wa kusini unaovuruga maji na kustawisha vijimea vidogo sana vyenye maganda kama kioo. Vikifa, maganda yanazama chini. Mweusi ni wa kifuku, mvua zinaposhusha udongo wa milimani kupitia mito. Wenzetu waliochimba chini zaidi walikutana na mchanga wa ufukweni mahali ambapo leo kuna kina cha kutisha. Maana yake zamani sana mvua zilikata, ziwa likarudi nyuma, na sehemu kubwa ya bonde hili ikawa tambarare kavu kama kwetu Bahi. Nilipomweleza Komba, aliuliza kama wakati huo palikuwa na baridi kidogo.

Sasa niingie kwenye habari yenyewe.

Kijiji kimoja cha kata ya Ngumbo kilipata msaada wa kujengewa jengo la wazazi kwenye zahanati yao. Mimi nilitumwa kutafuta mahali pa kuchimba kisima cha jengo hilo, basi. Hakuna aliyeniuliza jengo lenyewe likae wapi, kwa sababu hilo lilikuwa limeshaamuliwa: litakaa kwenye kiwanja cha tambarare karibu na maji, sehemu pekee iliyo sawa kijijini, ambapo vijana walikuwa wanacheza mpira.

Nikachimbisha mashimo. Ukishachimba shimo, kwangua ukuta wake kwa kisu, unyunyizie maji, uanze kusoma chini, si juu, maana cha chini ndicho kilichotangulia. Chini nilikuta udongo mwekundu wa mlimani. Juu yake palikuwa na mafiga matatu, mkaa, vigae vya vyungu na vile vidonge vya udongo uliochomwa ambavyo wavuvi wa zamani walifungia nyavu zizame. Mtu alikuwa na jiko lake pale. Na juu ya jiko lile palikuwa na tope la kijivu, limetulia, na makombe ya konokono wa majini, membamba kama karatasi. Kisha mchanga wa ufukweni. Kisha nyasi, na goli.

Nilichimbisha shimo la pili, na la tatu mbali kidogo, kwa sababu shimo moja linaweza kukudanganya. Yote yakasema vilevile. Ziwa lilikuwa limepanda, likakaa juu ya jiko la watu kwa muda wa kutosha kuacha tope, kisha likashuka.

Nikafanya nilivyofundishwa. Nikachukua kipande cha lile tope la kijivu, nikatia mdomoni, nikasaga. Hakuna mchakacho. Nilipoinua kichwa niliona kina mama waliokuwa wakianika usipa, wale dagaa wa Nyasa, wamesimama wananitazama, na mmoja anamnong'oneza mwenzake.

Kesho yake asubuhi nesi wa zahanati alikuja kunitafuta. Aliitwa Tekla, mama mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye kwa miaka alikuwa akizalisha wanawake kwenye chumba kimoja kilichotumika pia kuhifadhia chanjo na majembe ya kamati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nesi."

"Nimeambiwa unakula udongo. Sipendi kuingilia mambo ya mtu. Lakini kwa umri wako ingefaa uanze kliniki mapema."

Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Nilimweleza habari ya meno na mchakacho. Alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwa kichwa, na sina hakika hata leo kama aliniamini. Ila tulicheka pamoja, naye akanikaribisha chai. Pale kwenye chai ndipo nilipomwambia kwamba jengo lake lisijengwe kwenye kile kiwanja, lisogezwe juu mlimani, kwenye bega lile la ardhi nyuma ya mihogo.

Akaacha kucheka. "Juu kule?"

"Huku chini ziwa limewahi kufika. Litafika tena."

"Lini?"

"Sijui, Nesi. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto ulioko mbali kusini, upande wa Malawi. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, mlango hautoshi, maji yanapanda. Inaweza kuwa mwakani. Inaweza kuwa wakati wa wajukuu zako."

"Mjamzito wangu anakuja Jumanne," alisema Tekla. "Anakuja kwa mtumbwi, kwa sababu kwao hakuna barabara. Anashuka hapo ufukweni akiwa ameshaanza uchungu. Wewe unataka nimpandishe mlima kwa sababu ya maji ambayo hujui yatakuja lini."

Siku hizi ninyi mnaosomea kazi hii mnafundishwa kutumia picha za angani, simu inakuonyesha ufukwe wote kabla hujavaa viatu, na ni jambo jema. Lakini hakuna chombo kinachokupa jibu la swali kama lile. Mimi nilikuwa na hakika ya maelfu ya miaka. Yeye alikuwa na Jumanne. Na wote wawili tulikuwa sahihi.

Mkutano wa kijiji ulifanyika wiki hiyo hiyo. Mwenyekiti, Mzee Nombo, alikuwa mtu mchangamfu mwenye kipaji cha kukubaliana na kila anayezungumza. Alinipa nafasi. Nikaeleza mafiga, tope na makombe.

"Asante, mama," alisema. "Kwenu Dodoma maji mnayapata kwa ndoo. Leo umekuja kutufundisha ziwa."

Watu walicheka, nami nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Na maji hayo yalifika hapa lini?" aliendelea. "Zamani ya babu yangu, au zamani ya Nuhu?"

"Katikati ya hao wawili," nilisema.

Wakacheka zaidi. Tekla akasimama, akaeleza habari za wanawake wanaokuja kwa mitumbwi, na hapo hakuna aliyecheka. Nilipomsikiliza niliona wazi kwamba nimeshindwa. Nilikuwa nimeanza kufikiria kisima changu.

Kisha akanyanyuka kijana mmoja kutoka nyuma. Alisema yeye anawakilisha timu. Pale kijijini palikuwa na timu mbili, ya vijana wa Anglikana na ya vijana wa Katoliki, na hazikuwa zimewahi kukubaliana jambo lolote, hata alama ya penalti ikae wapi. Siku ile zilikubaliana. Jengo likikaa kwenye kiwanja, alisema kijana, mpira umekufa, na wakati wa kupiga kura vijana watakumbuka nani aliuua. Hakutaja ziwa wala makombe.

Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mzee Nombo alitafakari kwa muda wa kufuta kipara chake kwa leso. Kisha akatangaza kwamba, kwa kuzingatia ushauri wa kitaalamu wa mgeni wetu, jengo la wazazi litajengwa mlimani.

Huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote katika kazi yangu, na niliupata kwa sababu ya mpira.

Tekla hakunisalimia kwa muda mrefu baada ya hapo. Aliamini nilipanga na wale vijana. Jengo lilikwisha, likapakwa rangi nzuri, na wanawake wakaanza kulifuata kwa njia ya mbuzi iliyokwenda juu moja kwa moja kama ngazi iliyolala vibaya. Siku moja niliporudi kukagua kisima niliambiwa kwamba mama mmoja amejifungulia katikati ya njia hiyo, kwenye jua, Tekla akiwa amepiga magoti kwenye changarawe na mawifi wameshika khanga kuwakinga. Mtoto alipona na mama alipona. Nilimkuta Tekla anaosha magoti yake yaliyochubuka.

"Ziwa lako halijafika bado," alisema bila kuniangalia. "Huyu amefika."

Niliondoka pale nikiwa nimeumia, na nilikuwa bado naamini niko sahihi, jambo ambalo halipunguzi maumivu hata kidogo. Ndani ya gari Komba aliendesha mpaka tukaanza kupanda milima. Kisha akasema, "Hawa watu wa ziwani hawajui mlima. Mtu anapandaje moja kwa moja? Mlima unaupanda kwa kuuzunguka."

Nilimwambia ageuze gari.

Komba alikuwa amekulia Mpepai, ambako watu hulima ngoro, yale mashimo ya kwenye miteremko yanayoshika maji na udongo usishuke, na miguu yake ilijua mteremko kuliko vitabu vyangu. Alipima kwa macho, akachomeka vijiti, akachora njia iliyokwenda kushoto, ikapumzika, ikarudi kulia, ikapumzika. Mimi nilimwonyesha mahali penye mwamba na mahali penye udongo unaoteleza. Vijana wa timu zote mbili walichimba, kwa sababu nilikwenda kuwaambia kwamba kiwanja chao kimebaki kwa gharama ya wanawake wale, na wana deni la jasho. Tekla alikuja kutazama mara moja. Alipanda njia ile akiwa amebebwa kwenye machela na vijana wanne, ili ajue, alisema, kama mgonjwa anateleza. Hakuteleza. Aliposhuka alinisalimia.

Nikastaafu. Nikajenga hapa Mbinga, kwa kuwa magoti yalikataa joto la Dodoma, au ndivyo ninavyowaambia ndugu zangu. Miaka ikapita, kisha zikaja zile mvua mnazozikumbuka wenyewe. Kifuku kimoja kikubwa, kingine kikubwa zaidi, na ziwa likaanza kupanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama maji yale ya Bahi, kidogo kidogo, asubuhi limefika kwenye mzizi wa mti, wiki ijayo mti uko ndani. Kiwanja cha mpira kikazama. Magoli yalibaki yamesimama ndani ya ziwa, na watoto walikuwa wakikaa juu ya mwamba wa goli kuvua samaki. Nyumba za ufukweni ziliondoka moja moja. Watu wakapanda na vyombo vyao kwa ile njia ya kuzunguka, na familia nyingi zikalala kwenye jengo la wazazi, wake kwa waume, pamoja na kuku.

Mambo yalipotulia palifanyika ibada ya shukrani, Padre na Kasisi wakisimama pamoja, nami nikaalikwa. Mzee Nombo, ambaye bado ni mwenyekiti, alihutubia. Alimshukuru Mungu, akawashukuru vijana kwa kuona mbali walipokataa jengo lisikae bondeni, kisha, kwa unyenyekevu mkubwa, akajishukuru mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma na sahani ya ugali wa muhogo na usipa. Sikukasirika. Msidhani kazi hii itawapa sifa. Ukikosea, jengo linaanguka na jina lako linajulikana wilaya nzima. Ukipatia, hakuna kinachotokea, na kitu ambacho hakikutokea hakina wa kukipigia makofi.

Mwaka huu maji yamerudi nyuma. Nilikwenda kutazama. Kiwanja kimetoka majini kikiwa sawa zaidi kuliko mwanzo, kimesawazishwa na tope jipya, na tayari kuna vigingi vya kamba. Wanapima viwanja. Kuna anayetaka kujenga nyumba ya wageni, kuna anayetaka duka, na Mzee Nombo ameitisha mkutano kugawa. Waliniona, wakanipa kiti mbele.

"Bibi yetu mtaalamu," alisema Mwenyekiti, "utuhakikishie tu. Ziwa likishapanda namna ile, si limeshamaliza? Halitapanda tena."

Nikaanza kueleza habari za mlango wa kusini na mvua za mfululizo. Walinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyosikiliza redio akisubiri taarifa ya mpira. Niliona macho yao yanarudi kwenye vigingi.

Tekla alikuwa amesimama pembeni, mvi zimemjaa, yu karibu kustaafu naye. Hakuomba nafasi ya kuzungumza.

"Jengeni tu," alisema. "Ila safari hii mkipanda kwangu, mje na mikeka yenu. Mara ile mlinimalizia mashuka ya wazazi."

Mzee Nombo akafuta kipara kwa leso, akatazama maji, akauliza kama kuna mwenye haraka ya kugawa viwanja leo.